Maumivu Yaliyo Mbali na Chanzo: Historia ya Nukta Chochezi za Shingo na Bega

Msuli wa infraspinati umelala juu ya kombe la bega, upande wa nyuma, chini ya ukingo wa mfupa unaopapasika kwa vidole. Kazi yake ni kuuzungusha mkono kuelekea nje na kulishikilia bega lisichomoke. Ukiumia, mgonjwa mara nyingi haugusi kabisa. Hushika mbele ya bega, akasema maumivu yako ndani ya kiungo chenyewe, yanashuka mkono hadi kwenye kigasha, na usiku hawezi kulalia upande huo. Bega likipigwa eksirei huonekana zima. Anayejua mahali pa kubonyeza huweka kidole nyuma, katikati ya kombe, akakuta utepe mgumu ndani ya nyama na juu yake sehemu ndogo yenye uchungu mkali. Akiikandamiza, yale maumivu ya mbele huamka, na mgonjwa hutamka kwamba hayo ndiyo yanayomsumbua. Sehemu hiyo ndogo huitwa nukta chochezi, na maumivu yanayojitokeza mbali nayo ni maumivu ya kuhama.

Sehemu ya juu ya mwili imejaa mifano ya namna hii. Msuli wa trapezi, unaoanzia kwenye kisogo na kutanda hadi ncha ya bega, hupandisha maumivu ubavuni mwa shingo, nyuma ya sikio na mpaka kwenye panja, hivyo mwenye nao hulalamikia kichwa wala si bega. Msuli mwembamba unaoliinua kombe la bega hukaza pembe ya shingo mpaka mtu anageuza kiwiliwili kizima ili atazame pembeni. Misuli ya skalini hutoka kwenye pingili za shingo na kushika mbavu mbili za juu, na kati ya misuli miwili ya kundi hili ndipo zinapopita neva zote ziendazo mkononi. Uchungu wake hufika kifuani, hufika kati ya kombe na uti wa mgongo, tena hushuka hadi kidole gumba na cha shahada. Subskapulari, uliofichwa kati ya kombe na mbavu, huuma nyuma ya bega na kuzunguka kifundo cha mkono kama bangili. Pektorali wa kushoto, msuli wa kifua, huweza kuiga maumivu ya moyo kiasi cha kumtia mtu hofu ya kufa.

Ramani hii haikuchorwa na mtu mmoja wala katika maabara moja. Ilichukua karibu miaka 200. Ukiifuatilia historia yake, utaona kwamba vidole vya matabibu vilikuta kitu kilekile kizazi baada ya kizazi, na kila kizazi kikakipa jina kwa kufuata chanzo kilichodhaniwa wakati huo. Dhana hizo zilianguka karibu zote, lakini ramani imeendelea kutumika.

Kwamba maumivu huweza kusafiri lilikuwa jambo lililojulikana kitambo. Mwaka 1768 daktari William Heberden alisoma mbele ya chuo cha matabibu cha London maelezo ya maradhi ya kifua yanayomkamata mtu anapotembea, hasa anapopanda mlima baada ya kula, na kumwachia anaposimama. Aliandika kwamba uchungu huo mara nyingi huenea mpaka mkono wa kushoto. Heberden hakujua kwamba chanzo ni mishipa ya damu ya moyo. Alichokuwa nacho ni maneno ya wagonjwa wengi waliosikilizwa kwa uangalifu, na maelezo yake bado yanafundishwa.

Upande wa misuli, William Balfour wa Edinburgh alieleza mwaka 1816 kwamba wagonjwa wa baridi yabisi huwa na vifundo na sehemu zilizovimba ndani ya nyama, zenye uchungu zikiguswa, na kwamba uchungu huo huelekea sehemu za jirani. Alizitibu kwa kuzikandamiza na kuzigongagonga. Mwaka 1843 Mjerumani Robert Froriep aliandika kuhusu sehemu ngumu alizozikuta katika misuli ya wagonjwa kama hao. Yeye alidhani nyama imegeuka sugu, kwamba tishu unganishi imechukua nafasi ya nyuzi za msuli. Baadaye, wakanda misuli waliofunzwa na Johan Mezger wa Amsterdam, ambaye alitibu hata watu wa koo za kifalme za Ulaya, waliusambaza ufundi wa kuvitafuta vifundo hivyo kwa vidole. Mmoja wa madaktari wa Sweden, Uno Helleday, alivieleza kwa urefu mwaka 1876. Mikono ilitangulia nadharia, na si Ulaya peke yake: katika pwani ya Afrika Mashariki kukanda na kuumika kwa chuku ni ufundi wa siku nyingi, na mgongo na mabega ndiyo yanayoumikwa sana.

Wakati huo swali la pili lilikuwa likisubiri jibu: kwa nini kiungo cha ndani kikiugua, uchungu husikika juu ya ngozi? Jibu la kwanza la kina lilitoka kwa Henry Head, daktari kijana wa London. Kati ya 1893 na 1896 alichapisha mfululizo wa makala katika jarida la Brain akionyesha kwamba kila kiungo cha ndani kina maeneo yake ya ngozi yanayopata wepesi wa kuuma kiungo hicho kinapougua. Alichukua pini, akaburuta kichwa cha pini hiyo taratibu juu ya ngozi ya mgonjwa, akaweka alama pale mguso wa kawaida ulipogeuka uchungu. Alama zikiunganishwa zilitoa mipaka ya eneo, na mipaka hiyo ilifuata vipande vya uti wa mgongo na si umbo la kiungo chenyewe.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa kiwambo, ule msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo. Bandama ikipasuka au damu ikikusanyika chini ya kiwambo cha kushoto, mgonjwa huweza kulalamikia ncha ya bega la kushoto, ishara iliyopewa jina la daktari mpasuaji Mjerumani, Hans Kehr. Sababu iko katika ukuaji wa mimba. Kiwambo huanza kuumbwa karibu na shingo, kisha hushuka na kuiburuta neva yake, ambayo hutoka katika kipande cha 3, cha 4 na cha 5 cha uti wa shingo. Ngozi ya bega nayo hupeleka hisia zake katika vipande hivyohivyo. Ubongo unapopokea taarifa kutoka hapo huitafsiri kwa mazoea, na mazoea yake ni kusikia habari kutoka begani.

Head alikwenda mbali zaidi. Mwaka 1903 alikubali kukatwa tawi la neva katika mkono wake wa kushoto, kisha kwa miaka zaidi ya minne akawa anapimwa na rafiki yake W. H. R. Rivers mjini Cambridge ili ijulikane hisia hurudi kwa mpangilio gani. Hitimisho lao kuhusu aina mbili za hisia lilipingwa baadaye, na haki yake ilikuwa kupingwa. Lakini jaribio lile lilizoesha sayansi ya maumivu jambo moja la lazima, yaani kuchukua maneno ya mtu anayeumia kuwa data, na mtafiti kuwa tayari kuumia yeye mwenyewe. Wakati huohuo James Mackenzie, aliyekuwa daktari wa kawaida wa mji wa viwanda wa Burnley kabla ya kuwa bingwa wa moyo, aliona kwamba si ngozi tu inayobadilika. Misuli nayo hukaza na kuuma ikiguswa, hasa ya kifua na shingo kwa wagonjwa wa moyo. Katika kitabu cha mwaka 1909 alieleza kwamba kiungo kinachougua hukichokoza kipande cha uti wa mgongo, nacho kikachokoza kila kitu kinachopokea neva kutoka hapo.

Mwaka 1904 ulileta neno lililotawala kwa zaidi ya miaka 40. William Gowers, bingwa wa magonjwa ya neva wa London, alitoa mhadhara juu ya maumivu ya kiuno akapendekeza kwamba kuna inflamesheni ya tishu za nyuzi ndani ya misuli, akaiita fibrositi. Hakuwa na kipande cha nyama cha kuthibitisha. Mwaka uleule Ralph Stockman, profesa wa Glasgow, akatangaza kwamba ameikata nyama hiyo na kuitazama kwa hadubini, na inflamesheni ameiona. Neno likaenea Uingereza nzima. Bega lililokakamaa liliitwa hivyo, na shingo, na kiuno pia. Tatizo ni kwamba wengine waliotazama kwa hadubini hawakuona alichokiona Stockman, na kufikia mwaka 1940 mapitio ya ushahidi yalionyesha wazi kwamba inflamesheni haipo. Mwaka 1944 William Copeman na mwenzake walipendekeza kwamba vifundo ni vidonge vya mafuta vilivyochomoza kupitia utando. Nayo dhana hiyo haikudumu.

Wajerumani walikwenda njia yao, bila kusomana na Waingereza. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, H. Schade aligundua kwamba ugumu ule ndani ya msuli haupotei mgonjwa akilazwa kwa dawa ya usingizi, na huweza kupapasika hata baada ya kifo, kabla maiti haijakakamaa. Kwa hiyo, alisema, si mkazo wa kawaida unaoamriwa na neva. Alidhani maji ya ndani ya msuli yameganda kama uji uliopoa. Max Lange alikusanya elimu hiyo katika kitabu cha mwaka 1931 kuhusu ugumu wa misuli. Wapasuaji waliovikata vifundo hivyo na kuvipeleka maabara walirudishiwa jibu kwamba nyama ni ya kawaida. Hapo ndipo hatari ilipoanzia kwa wagonjwa. Kitu kisichoonekana kwa hadubini ni rahisi kuambiwa hakipo. Mwaka 1943, katikati ya vita, madaktari wawili wa jeshi la Marekani waliandika kuhusu askari wenye maumivu ya misuli na viungo wakiyahesabu mengi kuwa ni baridi yabisi ya kisaikolojia. Ni vigumu kusoma maandishi ya wakati ule bila kuwafikiria vijana waliorudishwa zamu wakiwa wanaumwa kweli.

Wakati huo ushahidi wa kinyume ulikwisha chapishwa. Jonas Kellgren alikuwa daktari wa umri usiofika miaka 30 katika hospitali ya Chuo Kikuu cha London, chini ya Sir Thomas Lewis, mtafiti aliyetoka kwenye moyo na kuhamia kwenye maumivu. Mwaka 1938 Kellgren alichapisha matokeo ya jaribio ambalo lingeweza kufanywa miaka 50 kabla yake. Alichukua maji ya chumvi yenye nguvu ya asilimia 6, akachoma kiasi kidogo mno, sehemu ndogo ya mililita moja, ndani ya misuli ya watu wazima wenye afya waliojitolea, akiwemo yeye. Maji ya chumvi ya namna hiyo huuma kwa dakika chache kisha huisha bila kuacha dhara. Katika dakika hizo mtu aliulizwa: unaumwa wapi?

Majibu yalifuata mpangilio. Utando wa juu na mfupa ulio karibu na ngozi viliuma palepale vilipochomwa. Msuli uliuma mbali, uchungu mzito usio na mipaka mikali, mara nyingi ukielekea kwenye kiungo cha karibu au sehemu nyingine inayopokea neva kutoka kipande kilekile cha uti. Maeneo hayo hayakulingana sawasawa na ramani za ngozi zilizokwisha kuchorwa. Mwaka 1939 aliongeza ramani za kano zinazounganisha pingili za mgongo. Sehemu ya pili ya kazi yake ndiyo iliyogusa tiba. Kwa wagonjwa halisi alipapasa misuli akitafuta sehemu yenye uchungu, ambayo wakati mwingine ilikuwa mbali na mahali walipolalamikia, akaichoma dawa ya ganzi. Maumivu ya mbali yalitoweka. Kwa mara ya kwanza ilionyeshwa kwa watu wazima wenye afya kwamba msuli pekee, bila ugonjwa wa moyo, mapafu au neva, unatosha kuzua maumivu ya mahali pengine. Kellgren mwenyewe hakuendelea nayo sana. Baadaye akawa profesa mjini Manchester, na dunia inamkumbuka zaidi kwa vipimo vya eksirei vya viungo vilivyochakaa alivyovitunga na John Lawrence mwaka 1957.

Mbegu ilichukuliwa na watu watatu waliofanya kazi kila mmoja mahali pake. Michael Kelly huko Melbourne aliandika mfululizo wa makala kuanzia miaka ya 1940, akimfuata Kellgren. Michael Gutstein, aliyekuwa Uingereza na ambaye baadaye alitumia jina la Good, alichapisha visa vingi vya wagonjwa waliopona kwa sindano kwenye nukta. Wa tatu alikuwa Janet Travell wa New York, na yeye ndiye aliyeifanya kazi hii ijulikane duniani.

Travell alizaliwa mwaka 1901, mtoto wa daktari aliyependa tiba ya viungo. Alihitimu udaktari katika Chuo Kikuu cha Cornell mwaka 1926, akafundisha elimu ya dawa hapohapo, na kwa miaka mingi akawahudumia wagonjwa wa mapafu na wa moyo. Aliona kitu ambacho daktari wa idara moja hawezi kukiona kirahisi. Mgonjwa wa kifua kikuu alilalamikia bega na mkono, na watu wa mapafu wakasema ni mapafu. Mgonjwa wa moyo alilalamika vilevile, na watu wa moyo wakasema ni moyo. Alipowapapasa wote nyuma ya bega alikuta sehemu zilezile zenye uchungu, na zikibonyezwa ziliamsha maumivu yaleyale. Yeye mwenyewe aliwahi kuumwa bega na mkono kwa njia hiyo.

Mwaka 1942, pamoja na daktari wa moyo Seymour Rinzler na Myron Herman, alichapisha katika jarida la chama cha madaktari wa Marekani matokeo ya kutibu maumivu ya bega na mkono kwa kuchoma prokaini, dawa ya ganzi, ndani ya misuli. Neno nukta chochezi lilikuwa limekwisha kutumiwa na Arthur Steindler wa Iowa miaka miwili kabla, lakini kwa mikono ya Travell likapata maana maalumu. Mwaka 1952 yeye na Rinzler walichapisha michoro ya maeneo ya maumivu ya misuli 32. Ustadi wa michoro hiyo ni kwamba daktari huanza kusoma kutoka mwisho: mgonjwa huonyesha anapoumwa, daktari hutafuta mchoro unaofanana, nao humwambia aweke kidole wapi.

Tiba yake haikuwa sindano peke yake. Hans Kraus, daktari na mpanda milima aliyehamia Marekani kutoka Vienna, alikuwa akitumia dawa ya kupuliza inayopoza ngozi ghafla kwa ajili ya viungo vilivyoteguka. Travell akaihamishia kwenye nukta chochezi. Kwa trapezi, mgonjwa huketi akishika kiti kwa mkono wa upande unaouma ili bega lisipande. Kichwa huinamishwa polepole upande wa pili, huku dawa ikipulizwa kwa mistari sambamba, mwelekeo mmoja, kutoka begani kupanda shingo hadi panja, kufuata njia ya maumivu. Baridi huishughulisha ngozi na uti wa mgongo, msuli ukaachia, na mkono wa tabibu ukauongeza urefu bila kuulazimisha. Kisha huwekwa taulo la maji moto, na mgonjwa huambiwa aupeleke msuli mwendo wake wote, mara chache, taratibu. Dawa ya kwanza, ethili kloridi, ilishika moto kwa urahisi na ikivutwa huleta usingizi. Iliyofuata ilikuwa salama kwa mgonjwa lakini ilikuwa na gesi za aina inayoharibu tabaka la ozoni, zilizodhibitiwa na mkataba wa Montreal wa mwaka 1987.

Mwezi Mei 1955 aliletewa seneta kijana wa Massachusetts aliyekuwa akitembea kwa magongo baada ya operesheni za mgongo. John F. Kennedy alipata nafuu kwa sindano za prokaini. Travell aligundua pia kwamba mguu wake wa kushoto ni mfupi kuliko wa kulia, akamwekea kisigino kilichoinuliwa, na akampendekezea kiti cha kuyumba ambacho baadaye kilijulikana dunia nzima. Januari 1961 Travell akawa mwanamke wa kwanza kuwa daktari wa Rais wa Marekani. Sindano nyingi ziliwatia wasiwasi madaktari wenzake, na mwishoni mwa mwaka huo Kraus aliitwa kumwanzishia Rais mazoezi. Mabishano yao mara nyingi husimuliwa kama ugomvi wa ikulu, ilhali hoja yenyewe ilikuwa ya maana: sindano hunyamazisha nukta, lakini msuli dhaifu au uliowekwa vibaya siku nzima utaizalisha tena. Travell aliijua hoja hiyo vizuri. Kurasa zake kuhusu urefu wa kiti, mahali pa kuegemeza viwiko na kimo cha meza ni miongoni mwa zilizo na manufaa makubwa, kwa sababu zinamgusa fundi cherehani, karani na kila anayeketi mabega yamepanda.

Mtu aliyeligeuza hili kuwa somo kamili alitoka angani. David Simons alikuwa daktari wa jeshi la anga la Marekani ambaye Agosti 1957 alipanda kwa puto la mradi wa Manhigh hadi zaidi ya kilomita 30, akakaa ndani ya kidude chembamba kwa saa 32. Katika miaka ya 1960 alimsikia Travell akihutubia madaktari wa anga, akavutiwa, na akaacha mambo ya anga kwa ajili ya misuli. Ni yeye aliyekusanya maandishi ya Kijerumani na Kiingereza ya karne nzima na kuonyesha kwamba majina tofauti yalikuwa yakikieleza kitu kimoja. Juzuu ya kwanza ya kitabu chao, kuhusu nusu ya juu ya mwili, ilitoka mwaka 1983, na ya pili, kuhusu nusu ya chini, ilifuata karibu miaka 10 baadaye. Michoro ya Barbara Cummings ilifanya kazi ambayo maneno yasingeweza: alama ya X mahali pa nukta, rangi nyekundu iliyojaa mahali ambapo karibu kila mgonjwa huumwa, na vidoti vyekundu pale maumivu yanapomwagikia kwa baadhi yao. Katika zahanati nyingi duniani michoro hiyo imebandikwa ukutani.

Wakati huo sindano yenyewe ilikuwa ikihojiwa. Mwaka 1979 Karel Lewit wa Prague aliripoti wagonjwa 241 wenye sehemu 312 za maumivu, ambao walichomwa sindano bila kuingiziwa dawa yoyote, na asilimia 86.8 ya sehemu hizo zikatulia papo hapo. Hakukuwa na kundi la kulinganisha, lakini matokeo yalitosha kuonyesha kwamba prokaini huenda si ya lazima. Mwaka 1980 jaribio la Denmark lilikuta maji ya chumvi ya kawaida hayashindwi na dawa ya ganzi. Wengi wakakumbuka China, ambako tangu karne ya 7 tabibu Sun Simiao alielekeza sindano zichomwe pale mgonjwa anapolalamika akiguswa. Ronald Melzack na wenzake walidai mwaka 1977 kwamba nukta chochezi na nukta za tiba ya sindano ya Kichina hulingana kwa asilimia 71. Mapitio ya Stephen Birch ya mwaka 2003 yalionyesha ulinganifu ulikuwa umekuzwa mno. Lililo hakika ni kwamba sindano ya mgongo wa juu ina hatari yake, kwa kuwa mapafu hufika juu ya mtulinga na mkono usio na mafunzo huweza kuyatoboa.

Maabara nazo zilianza kupata kitu. Mwaka 1993 David Hubbard na Gregory Berkoff waliingiza sindano za umeme ndani ya trapezi, wakakuta mkondo unaoendelea wenyewe katika nukta huku nyama iliyo kando yake ikiwa kimya. Simons aliutafsiri kuwa ni ishara ya sahani za neva, mahali ambapo neva hukutana na msuli, zinazovujisha asetilikolini kupita kiasi. Nyuzi hukaza, zinaminya mishipa midogo ya damu, oksijeni inapungua, na msuli usio na nishati hauwezi kuachia, kwa sababu kuachia nako kunahitaji nishati. Mwaka 2005 Jay Shah na wenzake huko Bethesda walivuta umajimaji wa ndani ya trapezi kwa sindano maalumu. Kwa waliokuwa na nukta zenye maumivu, umajimaji ulikuwa na asidi zaidi na kemikali nyingi zaidi zinazochokoza neva, zikiwemo bradikinini na dutu P. Walikuwa watu 9 tu. Kuhama kwa maumivu kulielezwa vizuri zaidi na kazi ya Siegfried Mense mjini Heidelberg. Katika panya, msuli ukichokozwa, chembe za uti wa mgongo zilizokuwa zikipokea habari kutoka msuli mmoja zilianza ndani ya dakika chache kupokea kutoka misuli mingine pia. Milango iliyofungwa ndani ya uti ilikuwa imefunguka.

Pingamizi hazikukosekana. Mwaka 1992 Frederick Wolfe aliwakusanya mabingwa wanane, akawataka wawapapase watu bila kujua nani mgonjwa nani mzima. Hawakukubaliana vya kutosha kuhusu nukta, na tepe ngumu zilipatikana kwa wazima pia. Robert Gerwin alirudia jaribio la namna hiyo, na madaktari wanne waliobobea wakashindwa kuafikiana. Akawaketisha, wakafundishana kwa vitendo maana ya kila alama, wakapima tena, na safari hii wakaafikiana. Matokeo hayo, yaliyochapishwa mwaka 1997, yanasema mengi kuhusu ufundi wa mkono: vidole vinaweza kukubaliana, lakini baada ya kufunzwa pamoja. John Quintner na Milton Cohen wa Australia hawakuridhika. Tangu mwaka 1994 wamehoji kwamba uchungu unaosikika msulini huenda unatoka kwenye neva yenyewe, na mwaka 2015, pamoja na Geoffrey Bove, waliandika kwamba nadharia ya nukta chochezi imekanushwa na ushahidi. Watetezi wake walijibu mwaka uleule kwamba ushahidi wa Bethesda umepuuzwa.

Katika mabishano hayo, pande zote mbili zinakubali kwamba wagonjwa wanaumwa kweli na kwamba uchungu wa msuli husikika mbali. Kinachobishaniwa ni kile kifundo: ni chanzo, au ni dalili ya neva na uti vilivyokwisha kuchokozeka. Matibabu ya kila siku yanategemea zaidi utaratibu wa uchunguzi kuliko jibu la swali hilo. Maumivu ya kifua cha kushoto yanayoshuka mkono hupimwa moyo kwanza, hata kama kubonyeza pektorali kunayaamsha, kwa kuwa mwaka 1948 Rinzler na Travell walikwisha onyesha kwamba moyo unaougua huacha nukta chochezi katika misuli ya kifua, na nukta hizo huendelea kuuma baada ya shambulio lenyewe kupita. Kidole kinachoipata nukta kifuani hakijauondoa moyo katika orodha ya watuhumiwa.